Chande bin Abasi Anatua Sanduku la Vioo

Leo, tarehe 30 Septemba 1913, Chande bin Abasi anatua sanduku la vioo alilolibeba tangu mwaka 1897. Ni miaka kumi na sita ya kazi. Katika miaka hiyo ofisi yetu ya ramani hapa Songea imebadilisha mabwana, mbwa na mapaa, lakini Chande hakubadilishwa. Walioijua kazi yake hawakutaka kumwacha, na wasioijua hawakumwona.

Niliyepewa kalamu ni Remigi, karani wa ofisi hiyo hiyo. Nimeagizwa niandike kwa furaha, tena kwa ufupi, mambo ya kuwachekesha watu kabla ya pilau. Ya kuchekesha yapo na nitayaandika. Ufupi siuahidi. Bwana wetu wa sasa hatakuwepo kwenye sherehe. Ana wageni kutoka pwani, na tangu asubuhi amepanda nao Matogoro kupiga picha. Kwa hiyo karatasi hii haikupita mezani kwake, na nimeandika kama ninavyoona mimi.

Kwa mlioajiriwa juzi, Chande si mpiga picha. Mpiga picha ni yule mwenye kofia. Picha hupigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo ni kizito, huvunjika, hakipendi jua wala vumbi. Lazima awepo mtu wa kukibeba kutoka hapa hadi milima ya Umatengo na kuteremka nacho mpaka ziwa Nyasa, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi hufikiri kwanza. Chande alilibeba sanduku hilo kichwani, kwa sababu mgongo hutikisika. Kwenye miteremko alikataa kusemeshwa. Mkifika kambini, wenzake wakilala, yeye ndiye anayesimika hema la giza, anayechanganya dawa, anayeosha vioo mtoni na kuvianika kivulini huku akifukuza kuku wa watu. Dawa zile zimemla kucha, na sasa zimemla macho. Anastaafu kwa sababu ya macho.

Ofisi haina utaratibu wa kumtunza mpagazi aliyechoka. Ina utaratibu wa kumuaga: pilau, hotuba na zawadi moja. Mapema mwaka huu Chande aliulizwa anataka zawadi gani. Tulidhani atasema blanketi, au mbuzi wa kwenda kuanzia maisha kwao Lusewa. Alisema anataka picha moja tu, ile ya Matogoro ya mwaka 1904, kwa kuwa ndani yake yumo marehemu mkewe, na picha nyingine ya mkewe haipo duniani. Yote ninayoandika yanaelekea kwenye picha hiyo. Mwenye haraka na avumilie.

Mwaka ule wa 1897 Chande alikuja bomani kuuza mayai. Alitoka Lusewa kwa miguu na tenga la mayai kichwani, na Bwana Otto, mpima barabara, alikuwa uani akiwafokea wapagazi waliokuwa wamemvunjia vioo vyake siku ile ile. Bwana alipofungua lile tenga akakuta hakuna yai lililopata ufa, hakununua mayai. Alimchukua mwenye mayai. Chande alidhani ni kazi ya siku mbili tatu, akaacha hata mkeka wake kwa mwenyeji wake kule Ruhuwiko. Mkeka ule umeliwa na mchwa zamani.

Bwana Otto sitamsingizia. Hakuwa mtu wa kiboko, na wapagazi wake walikula kabla hajalala. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda picha zionekane kama hazikupangwa, na kuzipanga kulichukua asubuhi nzima. Alitaka watu waonekane wamepumzika, basi wale waliotaka kupumzika walisimamishwa juani mpaka waonekane wamepumzika kama alivyotaka yeye. Hadithi za picha zile alinisimulia Chande mwenyewe, tulipokuwa tukizipanga kwenye masanduku siku za mvua. Kila nilipoona mandhari, yeye aliona watu.

Ipo moja mnayoijua wote, imetundikwa juu ya meza yangu. Bwana Otto amekaa mabegani mwa wapagazi katikati ya mto Ruhuhu, kofia mkononi, anacheka. Chini ameandika: Safari njema. Kisichoonekana ni kwamba mto walikuwa wameshauvuka salama na kuwasha moto ng'ambo, ndipo Bwana alipoona mwanga umekuwa mzuri akataka warudi majini. Wakarudi. Wingu likafunika jua, wakalisubiri lipite huku maji yakiwafika kifuani, na Chande yuko ukingoni ameshika kipira cha kamera akingoja kuambiwa aminye. Mpagazi wa mbele kushoto, aliyekenua meno, anaitwa Salum. Hacheki, anatetemeka kwa baridi. Usiku ule homa ya mapafu ikamshika, na walimzika kabla ya kufika ziwani. Picha ile siku hizi imekuwa kadi ya posta. Watu wa Ulaya wanapelekeana salamu za sikukuu kwa meno ya Salum.

Lakini nimeagizwa kuchekesha. Basi ipo ya Umatengo, wanawake wamesimama kwenye ngoro zao, yale mashimo ya kilimo wanayoyapanga mlimani, na wote wanacheka mpaka wengine wameshikana mabega wasianguke. Bwana Otto aliandika: Wenyeji wachangamfu. Uchangamfu wenyewe ulitokana na siafu. Chande aliwaona wakija kwa mstari kuelekea miguu ya kamera, akasema taratibu, "Bwana, siafu." Bwana, kichwa kikiwa ndani ya kitambaa cheusi, akajibu, "Kimya! Hapana sogea mtu!" Chande ni mtu wa kutii amri. Akanyamaza. Punde kile kitambaa kikaanza kurukaruka, na mama mmoja akauliza kwa sauti, "Mgeni wenu huyu anacheza ngoma gani humo ndani?" Picha ilitoka safi kabisa. Kwa siku nzima Chande alimtoa Bwana siafu kwenye suruali, na kila alipomtoa mmoja alisema, "Pole, Bwana," kwa uso usio na hatia.

Sasa ile ya Matogoro.

Wakati huo Chande alikuwa ameoa. Mke alikuwa Mwamvua binti Sefu, wa kijiji kimoja kwenye njia ya Mpitimbi. Baba yake alikuwa Myao mfanyabiashara wa chumvi aliyelowea kule. Kwa kila ninayemuuliza, Mwamvua alikuwa mwanamke wa kicheko. Alicheka penye kucheka na pasipo kucheka, na Chande, aliyezaliwa kimya, alikuwa akirudi safarini anakwenda moja kwa moja nyumbani kukisikiliza. Mama mkwe wake aliitwa Bi Tabu. Mambo ya mkwe kwetu mnayajua. Ukimwona mama mkwe njiani unaingia majanini mpaka apite. Hukai naye mkeka mmoja, humtazami usoni, naye hakutazami. Chande alimjengea Bi Tabu ghala na kulima shamba lake, lakini alikuwa hajapata kuuona uso wake. Hiyo ndiyo heshima, na Chande hakuwa mtu wa kuipunguza.

Siku ile mabwana walipanda Matogoro kupunga upepo. Kulikuwa na kitambaa cha meza kilichotandikwa majanini, chupa, wageni watatu, na mbwa wa Bwana Otto aliyeitwa Waldi, mfupi wa miguu, mrefu wa kiburi. Jumbe aliagizwa kuleta kuku, mihogo na maji, na waliopanda na mizigo walikuwa wanawake wa kijiji kile, Bi Tabu na Mwamvua wakiwemo. Mchana Bwana Otto akaona jambo zuri: mabwana wamelala majanini, mbwa mbele, na nyuma yao upande wa kulia wenyeji wamesimama kama walivyotokea. Akamwachia mgeni mmoja kipira pale pale alipolala, akaenda kuwapanga. Akakumbuka kwamba Chande hajawahi kutokea kwenye picha hata moja, na kwa ukarimu kabisa akamshika bega akamsimamisha ubavuni mwa mama mmoja mtu mzima. Mama huyo alikuwa Bi Tabu.

Wapagazi waliacha kutafuna. Chande aligeuza uso wote mlimani, akabaki kuionyesha kamera sikio. Bi Tabu alijivuta kaniki kichwani akajifunika mpaka kiunoni. Bwana Otto akapaza sauti, "Tazama hapa! Wote tazama hapa!" Hakuna aliyetazama. Hata bunduki isingemgeuza Chande. Ndipo Mwamvua akatoka nyuma na ungo wake wa mihogo, akajipenyeza katikati ya mume na mama kama mlango unaofungwa, akauinua ungo kumkinga mama yake. Na alipoona hali yenyewe, mume ni sikio tupu, mama amekuwa furushi, mzungu anaruka juu chini, uvumilivu ukamshinda. Akaangua kicheko mdomo wazi, macho yakitazama kamera moja kwa moja. Mgeni aliminya kipira wakati huo huo.

Kioo kilipooshwa, Bwana Otto alikasirika. "Upande huu umeharibika," akasema. Kisha akakitazama tena kwa muda, akapoa, akasema, "Lakini mbwa ametoka vizuri." Basi kioo hakikutupwa. Kwenye picha ya karatasi aliandika majina ya mabwana wote watatu, na mwisho: na Waldi. Wengine walikuwa wenyeji.

Kabla hawajateremka Chande alimwita mkewe nyuma ya hema amwonyeshe. Kwenye kioo mambo hugeuka. Mabwana walikuwa weusi kama masufuria na Mwamvua alikuwa mweupe pe. Alicheka tena, akamwambia mumewe, "Haya, leo mzungu ni mimi. Nibebee sanduku langu." Chande hunisimulia maneno hayo kila mara kwa namna ile ile, na husimama hapo hapo.

Aliomba picha ya karatasi siku ile ile. Bwana Otto akamjibu kwamba karatasi ni chache, lakini siku Chande atakayomaliza kazi atapewa yake. Ilikuwa ahadi ya kweli. Mtashuhudia leo.

Mwaka uliofuata vita vikaja. Vilimkuta Chande anatoka ziwani na kikapu cha chupa za dawa za picha. Kwanza alisimamishwa na wapiganaji. Wakamuuliza amebeba nini, akajibu kama siku zote, kwamba ni maji ya dawa. Wakafurahi, wakavua mashuka wanyunyiziwe. Alikula viapo vyote anavyovijua kwamba dawa ile haifanyi kitu risasi, inatia vidole weusi. Wakainusa, wakakubali, wakamwacha. Vilima viwili mbele akakutana na askari wa serikali, nao wakauliza lile lile. Chande alikuwa ameshajifunza. Akasema, "Ni maji tu, afande." Wakamfunga kamba. Aliokolewa na Bwana Otto, aliyetoka mwenyewe kutafuta chupa zake, akazikuta na Chande amefungwa pembeni. Aliuliza kwanza kama kuna iliyovunjika. Hii nayo Chande huisimulia kwa kucheka, na mimi hucheka naye, ingawa sijui tunacheka nini.

Kamba zile ndizo zilizomwondoa Mwamvua hapa Songea. Alisikia mumewe amekamatwa na kwamba waliokamatwa wananyongwa. Akafunga mlango akaenda kwa mama yake. Chande alipofunguliwa na kurudi nyumbani alikuta majivu baridi, na njia ya Mpitimbi imefungwa na majeshi.

Ilipofunguliwa, ilifunguliwa kwa moto. Mnajua ilivyokuwa. Nyumba, maghala, hata mahindi yaliyokuwa bado shambani. Bwana Otto aliagizwa kupima upya barabara ile, na Chande alipanda na sanduku mpaka kilima anachokifahamu. Alitazama chini. Akasimika miguu ya kamera, kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea. Picha ile ipo mpaka leo, na wageni huipenda: bonde, mti mmoja, na kitu chepesi kinachoelea ambacho kila mtu hudhani ni ukungu. Imeandikwa: Mandhari ya asubuhi. Ni kijiji cha Bi Tabu. Chande aliomba ruhusa ashuke. Akaambiwa ashuke baada ya kuosha kioo, dawa isije ikakauka. Akakiosha. Aliposhuka alikuta mafiga na ghala aliloijengea nyumba ile kwa mikono yake, bado linafuka. Watu wote walikuwa wamekimbilia porini.

Njaa iliyofuata sina haja ya kuieleza. Mliopo hapa ni wale iliowaacha. Habari za Mwamvua zililetwa na Halima, jirani yao, alipotoka porini amebaki macho na meno. Alisema Mwamvua alikuwa akichimba mizizi na kumpa mama yake kwanza, na kwamba alitangulia yeye, mama akafuata. Waliwafukia kwa majani na udongo kidogo, kwa sababu waliobaki hawakuwa na nguvu ya kuchimba. Chande aliuliza swali moja tu, "Nani alimwosha?" Hapakuwa na sanda wala maji ya kumwosha, wala mtu wa kusimama kumswalia. Kwa Mwislamu hilo ni jeraha lisilofunga. Mimi ni mtu wa misheni, lakini ninalielewa.

Aliendelea na kazi. Nani angemwambia apumzike? Mwaka 1909 Bwana Otto alirudi kwao Ujerumani na picha zake za karatasi zote ila chache zilizotundikwa ofisini, akaacha vioo. Bwana aliyemfuata hakupenda picha sana, alipenda bustani. Alipanda kabichi kwenye visanduku, na miche ya kabichi, tukaambiwa, hupenda kufunikwa kwa kioo. Basi ikatoka amri vioo vyote vya zamani vikwanguliwe na kusafishwa. Vibarua walikaa uani na mchanga na majivu, wakawa wanafuta Songea nzima: mito, masoko, harusi, watu walio hai na waliokufa.

Chande alikiona kile cha Matogoro kwenye rundo. Alikuja kwangu, tukaenda pamoja kwa Bwana, nikamweleza kwa Kijerumani changu chote. Bwana akasema kioo ni kioo, na picha ya karatasi si ipo Ulaya? Tukatoka. Kibarua mmoja alikuwa ameshainama na mchanga wake, Chande akamshika mkono, akamwambia, "Huyu nitamwosha mwenyewe."

Alichemsha maji akayaacha yapoe yawe vuguvugu. Hakutumia mchanga. Alikaa chini, kioo mapajani, akaanza upande wa kulia kisha wa kushoto, akamimina polepole na kupitisha kiganja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, midomo ikitembea bila sauti. Vibarua waliinuka mmoja mmoja wakasogea mbali. Niliondoka mezani nikasimama juani, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Alipomaliza, kioo kilikuwa kitupu kama dirisha. Akakifunga kwenye kipande cha kitambaa cheupe, akakipeleka mwenyewe bustanini.

Kabichi zilistawi.

Kwa hiyo ilibaki ile ya karatasi, na ahadi. Chande alipotaja zawadi anayoitaka, Bwana wetu wa sasa alimwandikia Bwana Otto kwamba mtumishi wake wa zamani anaomba ukumbusho wa siku ile mlimani. Sitamsingizia hapa pia: alijibu kwa furaha na bila kuchelewa. Alisema hajamsahau Chande, mtu mwaminifu ambaye hakuvunja kioo hata kimoja. Bahasha ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Picha imebandikwa kwenye kadi nene yenye ukingo wa dhahabu, na Bwana Otto ameeleza kwamba, kwa heshima ya Chande, ameondoa kwa mkasi ule upande ulioharibika ili zawadi iwe nzuri.

Tulikuwa ofisini wote alipoitwa. Macho yake mnayajua. Aliiweka picha puani, kisha akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Mabwana wamelala majanini. Chupa zipo. Waldi yupo mbele, masikio yamesimama, mpaka sharubu zinahesabika. Kulia, pale lilipokuwa sikio la Chande na furushi la Bi Tabu, na katikati yao Mwamvua anayecheka, kuna ukingo wa dhahabu.

Nilidhani hajaona vizuri, nikawa natafuta maneno ya kumweleza. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbwa ametoka vizuri."

Hakuna aliyeweza kumtazama. Nakiri nililia, na si mimi peke yangu, hata afande wa mlangoni aligeukia ukutani. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Ndiyo maana maandishi haya hayachekeshi ipasavyo. Ningekuwa na mtu wa kumgombeza ningemgombeza. Lakini aliyekata alikata kwa wema, na aliyefuta alitaka kabichi. Hata yule mwandishi wa Mandhari ya asubuhi aliona asubuhi tu. Ubaya wenye uso tungeuzoea. Huu wa kwetu unakuja na kadi yenye dhahabu na salamu.

Jana asubuhi Chande alikuja na picha ile mezani kwangu. Alikuwa ameipitia usiku kucha kwa taa, picha puani, kidole kikifuata. Akaniambia nitazame ukingoni kabisa, mkasi ulipopita. Nikatazama. Kumbe mkasi haukumaliza kazi: ukingo wa ungo umebaki, umekatika katikati, na juu yake vimebaki vidole vya mtu aliyeushika. Vidole vitatu. Akaweka dole gumba lake chini ya hivyo vidole, sawasawa, bila kupapasa.

"Ni yeye," akasema. "Karani, una mwandiko mzuri. Yafute hayo ya chini, uniandikie yangu."

Nilichukua wembe nikayafuta majina yote, mabwana na mbwa, na nikaandika aliyonitamkia. Kama ni kosa kuharibu mwandiko wa Bwana Otto, basi kosa limefanyika, na mkono uliolifanya ndio huu unaoandika hapa.

Mzee Chande, kwa niaba ya wapagazi, vibarua, askari na makarani wa ofisi hii, ahsante. Ahsante kwa kila mteremko ulioteremka kimya ili wengine waonekane wanacheka. Ahsante kwa yule Salum wa Ruhuhu, ambaye bila wewe asingekuwa na jina. Unarudi Lusewa kwenye tumbaku na mahindi ya ndugu zako. Tunakuombea kivuli kizuri, macho yako yapumzike. Majirani wakuletee maji bila kuombwa. Na watoto wa watu wakusalimie shikamoo kwa jina lako kamili. Mwenyezi Mungu akupe umri, na kichwa chako kisibebe tena kitu chochote kizito kuliko kofia.

Picha atakabidhiwa mbele yetu kabla ya pilau. Watakaokaa nyuma hawataweza kusoma kilichoandikwa chini yake, kwa hiyo nakinakili hapa:

Matogoro, 1904. Vidole vilivyoshika ungo, kulia, ni vya Mwamvua binti Sefu, mke wa Chande. Alikuwa anacheka.